Mkono Wangu kwenye Chungu cha Nening

Ujumbe wa Nening ulinikuta kwenye foleni ya mkate, katika duka la Wareno hapa Rosettenville. "Manay, Mama amefariki. Mwezi ujao nakuja Johannesburg, wanaonyesha filamu yetu Doornfontein. Nimeibadilisha. Uje." Manay kwa lugha ya kwao, Kibikol, ni dada mkubwa, na hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo. Niliusoma mara tatu mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma na kikapu. Kilichonishika, Mungu anisamehe, ni lile neno nimeibadilisha. Kifo cha mama wa watu nilikikumbuka vizuri nikiwa nimeshafika nyumbani. Katika filamu ile uso wangu hauonekani hata mara moja, na jina langu limeandikwa mwishoni kwa herufi za ukubwa wa chawa, lakini mkono wangu wa kulia umo kwa sekunde kumi na moja. Maishani nimesema uongo wa kila namna, kwa polisi, kwa wenye nyumba, kwa wanaume wawili waliotaka kunioa. Hakuna uliosafiri mbali kama ule wa sekunde kumi na moja.

Siku yenyewe nilifika mapema, nikapata adhabu ya anayefika mapema penye watu wa sinema, yaani kuwasikiliza. Ukumbi ulikuwa zamani karakana ya kushona sare za shule. Niliwahi kufanya kazi mle wiki tatu, nikikata nyuzi. Sasa wameng'oa cherehani, wakaacha ukuta umebabuka makusudi na kuning'iniza balbu tupu, na watu ambao wangemfukuza fundi aliyewaachia nyumba katika hali ile walikuwa wanaupiga picha kwa simu. Mezani palikuwa na sambusa nyembamba kama vidole, na karatasi imeandikwa kwamba ni chakula cha asili cha Ufilipino. Nilionja. Asili yake ilikuwa friza. Kijana mmoja mwenye miwani ya fremu nyekundu alikuwa anamweleza msichana kwamba sinema za mikoani za kule, zinazotengenezwa mbali na Manila kwa hela za kuungaunga na kwa lugha za kienyeji, zina ukweli ambao mji mkuu umeupoteza. "Ukiwaona wanavyopika tu," alisema, "umeshaelewa historia yao yote." Nikamwuliza kama amewahi kukila hicho chakula chao. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na meza. "Si lazima mtu ale," alisema.

Hapo nikasikia sauti niliyoijua kabla sijageuka.

"Zuhura! Ai, kumbe ungali hapa Jozi?"

"Na wewe, Daktari, kumbe ungali unaongea?"

Akacheka sana. Ndevu zimekuwa nyeupe, koti ni lile lile, au ndugu yake. "Mama, wewe hubadiliki," alisema, akaketi kwenye kiti cha pembeni yangu bila kukaribishwa, kama alivyofanya kila kitu mwaka ule wa filamu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuwa na kazi yenye jina. Shule niliiacha darasa la sita, Tanga, na tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza maswali mahali ambapo sikuulizwa. Nilikuwa nimesuka nywele, nimeuza kwenye spaza, viduka vya mitaani vya huku, nimefua mashuka ya hoteli, na kila kazi niliiacha siku nilipokwisha kuielewa. Nilikuwa naishi chumba cha nyuma kwa mjane mmoja wa Kireno, Rosettenville hii hii, chumba chenye dirisha moja linalotazama gereji tupu. Nening nilimkuta Fordsburg, katika duka la mboga la Wahindi, amelala kifudifudi juu ya kreti la majani ya magimbi yaliyotoka Durban, ananusa. Mwanamke mfupi, koti la kiume, kamera mgongoni. Alikuwa anagombana na mwenye duka kuhusu siku yalipochumwa. Nilitaka kujua mtu wa sura ile anataka nini na magimbi, kwa hiyo nikamfuata mpaka kwake, tukiulizana kwa Kiingereza chetu cha sokoni, na jioni ile nikala wali kwenye chumba chake Doornfontein, sahani juu ya magoti, nguo mbichi zikitudondokea.

Alikuwa amekuja kwa mwaka mmoja, kwenye chuo, na nusu ya filamu mkononi. Sehemu za nje alishazishuti kwao, kwa Kibikol, lugha ambayo Manila wanaisoma kwa maandishi chini ya picha kama sisi wageni, na kuicheka juu yake. Ilibaki jiko. Jiko la mama yake, ambamo filamu nzima ilikuwa inazunguka, lilikuwa limechukuliwa na kimbunga pamoja na paa, ukuta na minazi kumi na minne. Halafu mfuko mmoja wa sinema ukakubali kumsaidia, kwa sharti kwamba sehemu ya kazi ifanyike Afrika Kusini. Nani aliyewaza hivyo sijui. Mtu ambaye hajawahi kupika, hilo nina hakika. Mwenzake mwingine angeliacha jiko na kuandika filamu upya. Nening aliamua kulijenga jiko la mama yake Johannesburg. Mama alikuwa mzee, moyo umechoka, hajawahi kuingia ukumbi wa sinema. "Manay, sitaki zawadi ya mtu yeyote," aliniambia, akikwangua ukoko wa wali. "Nataka Mama alione jiko lake kabla hajaondoka. Aone chungu, aseme, ndicho. Basi."

Jiko lilijengwa katika gereji ya yule mjane. Kila jioni Nening alimpigia mama yake kwa kadi, simu imewekwa sauti ya juu, na mimi nikashika tochi, kwa kuwa mwaka ule umeme ulikuwa wa zamu. Sikuelewa neno hata moja lakini nilielewa yote. Mama anasema, Nening anachora, mama anakasirika, Nening anafuta. Msumari wa kutundikia upawa uko upande gani? Kushoto. Kushoto ukiwa umekaa au umesimama? Kisha kishindo cha bibi kizee anayeinuka kitini, upande wa pili wa dunia, akakae na kusimama mahali ambapo jiko halipo tena, apate jibu. Tulipaka kuta masizi ya kweli. Tulipata mianzi kwa muuza mapazia Turffontein. Siku za mbio, spika za uwanja wa farasi zilitufikia mpaka gerejini, na tulikuwa tunakaa kimya mbele ya jiko la Bikol tukisubiri farasi wa watu wafike mwisho ndipo turekodi.

Mwigizaji wa mama alishapigwa picha za uso kule kwao. Hapa ilihitajika mikono. Wakaja wasichana wanne wa chuo, wenye kucha, na Nening akawafukuza mmoja mmoja. Siku moja alinikuta nimekaa chumbani kwangu nakuna nazi. Alipiga kelele mpaka mjane akatoka na ufagio. Kigoda kile kile, ulimi wa chuma ule ule, mtu anakikalia vile vile! Sisi tunakiita mbuzi, wao farasi. Akanishika mikono, akaigeuza kama mtu anayenunua samaki, akasema, "Hii." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika sinema ya Ufilipino, na kichwa kikavimba papo hapo.

Chakula chenyewe wanakiita laing. Majani ya magimbi yaliyokaushwa, tangawizi, pilipili, dagaa, na tui. Wenye uwezo hutia nguruwe. Mama yake Nening alitia dagaa, kwa hiyo mimi Mwislamu niliweza kula. Unayatumbukiza majani ndani ya tui, unayakandamiza yazame, unafunika, na hapo ndipo penye sheria: hugusi. Hukorogi, hugeuzi, hata kuchungulia si vizuri, mpaka tui lote liingie kwenye majani na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Ukikoroga kabla, majani yatawasha koo la kila atakayekula. Niliposikia hivyo nilicheka kwa dharau. Mimi, mtoto wa Tanga, nifundishwe tui! Kwetu tui likipanda moto hulipi mgongo. Unakoroga mpaka lichemke, ama sivyo linakatika na unachekwa na nyumba ya tatu.

"Litakatika hili," nilimwambia.

"Liache likatike, Manay. Ndiyo kazi yake."

"Ndiyo kazi yake kwa watu wasiojua tui."

Akaenda kubandika chungu. Tulipika laing ya majaribio kwa sheria ya mama yake, ikatoka nyeusi, nzito, inang'aa mafuta, tamu mpaka nilifuta chungu kwa kidole. Nikamwambia si mbaya, kwa chakula cha mtu asiye na meno. Nilikuwa hivyo. Kitu nisichokijua kilikuwa lazima nikicheke kwanza, ndipo nikiibe.

Nening alitaka sini moja ya dakika nne. Kamera imesimama, chungu kimefunikwa, na mkono wa mama umelala juu ya goti. Hakuna kingine. Aliniambia kwamba walikuwa watoto saba, na mama yao alikuwa anafua, anakuna, anachapa, anapalilia, na kwamba wakati pekee walioona mikono yake imetulia ni pale alipokaa kuisubiri laing. Walikuwa wanakuja kuegemea magoti yake wakati huo, wakijua hawezi kuinuka. Mimi nilisikia, nikaona ni hadithi nzuri, nikaendelea kuchambua majani.

Sasa Daktari. Alikuwa mwalimu wa chuo, Mkenya, na ule mfuko ulimweka awe jicho lake. Alikuwa na nadharia kuhusu ugali na mpishi wa kumpikia ugali. Alisema chakula ni kumbukumbu, chakula ni mwili, chakula ni upinzani, na mchana alikula pai ya kituo cha mafuta akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Alipoambiwa kuhusu sini ya dakika nne alishika kiuno. "Nening, dakika nne za kifuniko? Watu watalala. Hata mimi nitalala, na mimi ndiye ninakupenda."

Siku ya Jumanne Nening alikwenda kwenye foleni ya kibali chake cha kuishi, foleni inayoanza gizani na kuisha ukiwa umezeeka. Nilikuwa nimebandika chungu tayari, kumfanyia mazoezi. Daktari akaingia gerejini na mpiga picha wetu, Papa Didi, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa sala na mtu wa amri. Ukimwambia washa, anawasha.

"Zuhura, tunapiga moja tu ya akiba," alisema Daktari. "Fungua hiyo kitu, ukoroge kidogo. Ile mvuke itoke, mkono uzunguke. Watu wa mfuko wanaangalia kazi Ijumaa."

"Hakikorogwi."

"Ni nani amesema?"

"Mama yake."

"Mama yake ako hapa?" Akageuka kwa Papa Didi. "Sisi wote tunaheshimu tamaduni, sawa? Lakini hii ni sinema, si mazishi."

Papa Didi akanitazama kwa huruma. "Mama Zuhura, umeme itaondoka saa nane. Tunafanya, ao hatufanye?"

Kwa miaka mingi nilipokuwa nasimulia habari hii niliishia hapo, kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha. Daktari angeondoka na pai yake. Nilifunua chungu kwa sababu tatu, na zote zilikuwa zangu: nilitaka kujua kama kweli yatawasha, nilitaka kumwonyesha bibi mmoja asiyeniona jinsi tui linavyotunzwa, na nilitaka mkono wangu utazamwe. Nikavaa bangili ambayo mwigizaji wa mama aliivaa kwenye picha za kwao, nikachukua upawa kwenye msumari wa kushoto, nikakoroga kama tunavyokoroga kwetu, polepole, kutoka chini, tui likipanda juu ya majani na kuteremka. Papa Didi akasema "Ah, mama!" kwa sauti ya kanisani. Ulikuwa mkono mzuri. Hata leo nasema ulikuwa mzuri.

Halafu tukala. Daktari ndiye aliyeanza, kijiko kikubwa, macho amefumba ili tuone anavyohisi. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu ardhi na mwanamke alipokoma. Akameza mate. Akameza tena. Akaanza kujikuna shingo kwa nje, kama mtu anayetafuta mlango. "Ni nini hii? Ni nini mmeniwekea?" Papa Didi alikuwa ameutoa ulimi wote nje, anaupepea kwa karatasi za ratiba. "Ulimi yangu iko nawaka! Mungu wangu, Mama, iko nawaka moto!" Tulikunywa maziwa yote ya mjane, tukalamba sukari, tukalamba chumvi. Daktari alisugua ulimi kwa leso yake ya hariri. Mimi nilikuwa nawashwa mpaka masikioni na nacheka, nacheka kwa furaha kabisa, kwa sababu swali langu lilikuwa limejibiwa.

Nening alirudi jioni. Hakuuliza tumeshindaje. Alinusa mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akaona tui limesimama jeupe na laini, halijakatika, kazi ya Tanga. Akamsikia Daktari anavyokwaruza koo. Akatazama upawa, ulikuwa umetundikwa upande wa kulia. Kisha akanitazama mimi, na bangili ilikuwa bado mkononi.

"Tulijaribu kitu tu," nilisema. Wingi! Nilijificha ndani ya wingi kama mtoto nyuma ya pazia.

Alikisugua chungu kile mwenyewe. Kesho yake tulishuti dakika nne zake, nikakaa, mkono juu ya goti, na sikutikisika. Lakini Ijumaa watu wa mfuko walizitazama zote mbili, wakaguswa na mvuke. Waliandika kwamba sekunde zile kumi na moja ndizo roho ya filamu. Ile ya kifuniko wakasema ipunguzwe hadi pumzi tatu, la sivyo wasingetoa fedha za kuimalizia. Nening akakubali, kwa sababu mama alikuwa anazeeka haraka kuliko filamu. Aliondoka mwisho wa mwaka. Filamu ikazunguka dunia, na picha ya ukutani iliyobandikwa kila ilikopita ilikuwa mkono wangu na upawa. Nilipata nakala, nikaibandika juu ya kitanda. Nilikuwa najisifu nayo kwa wapangaji.

Aliponipigia, miezi mingi baadaye, alikuwa ameshaionyesha kijijini kwao, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa la bati, shuka zimeshonwa ziwe kioo cha sinema. Aliniambia kwamba mkono ulipoanza kukoroga, uwanja mzima ulilipuka. Wanaume walijishika koo, watoto wakatoa ndimi, wanawake wakauliza huyo ni mkwe wa nani. Sini ya huzuni kuliko zote, na watu wanashika mbavu. Nikamwuliza mama alisema nini. Kadi ilikuwa inaisha, nilisikia mlio.

"Siku nyingine, Manay."

Siku nyingine haikuja. Usiku ule niliibandua picha. Nimehama mara tisa tangu hapo, nimefanya kazi za aina kumi na moja, na kila nilipomwona mtu anacheka kitu asichokijua, nimesikia ulimi ukiniwasha. Sikuwa mtu bora kwa hilo. Nimekuwa tu mtu anayejua anachokifanya wakati anakifanya.

Taa za ukumbi zikazimwa. Nening alikuwa mbele, mgongo wake ule ule mfupi. Tulikuwa tumekumbatiana mlangoni bila kusema kitu cha maana. Ikaja barabara ya kwao, ikaja mvua, ukaja uso wa yule mwigizaji. Likaja jiko letu la Rosettenville, na nikaona jinsi lilivyo zuri, masizi yale, mianzi ya mapazia. Chungu. Bangili. Mkono wangu ukachukua upawa, na mle gizani nikautia huu wa kweli chini ya paja.

Mkono ukaanza kukoroga, na sauti ikabadilika. Badala ya tui kuchemka ikasikika mvua juu ya bati, watu wengi, watoto, kicheko kikubwa. Uwanja wa kikapu. Nening alikuwa amerekodi siku ile, maikrofoni kwenye bega la mama yake, na sauti ya bibi kizee, ile ile ya simu na tochi, ikajaa karakana yote. Maandishi yakapita chini. "Wewe! Usikoroge! Acha! Huyu ni nani amemwingiza jikoni kwangu? Mwambieni aweke upawa chini!" Ukumbi ukacheka, hata yule wa miwani nyekundu. Mkono haukusikia, utakoroga kila utakapoonyeshwa. Kisha kicheko cha uwanjani kikapungua, mama akawa anavuta pumzi kwa shida, karibu sana, na akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwanawe peke yake: "Lakini jiko ndilo. Nening, ndilo. Umeuweka msumari wangu."

Halafu kimya, na kifuniko. Chungu kimefungwa, mkono wangu umelala juu ya goti. Alikuwa amezirudisha dakika zake nne, zote, bila muziki, bila neno. Dakika ya kwanza watu walitulia. Ya pili wakaanza kukohoa, simu mbili tatu zikawaka. Pembeni yangu kiti kikalia, Daktari akaniinamia na harufu yake ya pai.

"Zuhura," alininong'oneza, "hii si ni refu sana?"

"Nyamaza, Daktari," nilimwambia. "Haijaiva."